Woody Strode, mtu wa dakika kumi

"Mjomba, huyu ndiye stelingi?"

Mpwa wangu aliuliza huku ananyooshea kidole kioo cha kompyuta. Nilikuwa nimemwekea Once Upon a Time in the West, filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1968, kwa sababu nilichoka kumsikia akisema filamu za zamani hazina lolote.

Watu watatu wanasubiri treni kwenye stesheni iliyo katikati ya jangwa. Mmoja anasumbuliwa na nzi. Wa pili anaalisha vidole. Wa tatu, mtu mweusi mrefu kuliko wenzake, kichwa kimenyolewa kipara, amesimama chini ya tangi la maji. Tone linamdondokea utosini. Hasogei. Linakuja jingine. Anavaa kofia taratibu, anabaki palepale, na matone sasa yanagonga kofia. Treni inapokaribia anaivua na kunywa maji yaliyojikusanya kwenye ukingo wake.

Hajasema neno.

"Ndiye," mpwa wangu akajijibu mwenyewe. "Stelingi ndiye anayesimama hivi."

Punde treni inaondoka, Charles Bronson amebaki ng'ambo ya reli na harmonika yake, bunduki zinalia, na yule mtu mrefu yuko chini. Filamu bado ina zaidi ya saa mbili mbele yake.

Kijana alikasirika kweli. Kwa sheria tulizokulia nazo, za majumba ya sinema na baadaye za vibanda umiza, stelingi hafi. Akifa, basi iwe ni mwisho na watu wameshaanza kutafuta ndala zao. Hapa kauawa hata jina lake hatujalisikia.

"Anaitwa Woody Strode," nikamwambia.

"Sasa mbona wamemuua mapema hivyo?"

Nikampa jibu la haraka, kwamba Leone alipenda kuchezea mazoea ya watazamaji. Yeye lilimtosha. Mimi limenikaa kooni kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila nilipokwenda kuzitafuta filamu nyingine za mtu huyu nilikuta jambo lilelile: anaingia, kila jicho linamfuata yeye, halafu hadithi inaondoka na mtu mwingine.

Kabla ya kamera

Woodrow Wilson Woolwine Strode alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, mwenye asili ya watu weusi na ya wenyeji wa kale wa Amerika. Alifika sinema akiwa tayari na jina, lakini jina la uwanjani. Mwaka 1939 alicheza futiboli ya Kimarekani katika timu ya chuo kikuu cha UCLA pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Mechi yao ya mwisho msimu ule dhidi ya USC ilitazamwa na watu zaidi ya 100,000 na ikaisha sare ya bila kwa bila.

Kuna kisa kingine cha miaka hiyo. Mchoraji Hubert Stowitts aliwachora wanamichezo wa Marekani wakiwa watupu, Strode mmoja wao, na picha hizo zikapelekwa Berlin wakati wa Olimpiki ya 1936. Wanazi wakayafunga maonyesho, kwa kuwa miongoni mwa waliochorwa walikuwamo weusi na Wayahudi. Kabla hajatamka neno lolote hadharani, umbo lake lilikuwa limeshavuka bahari na kupigwa marufuku.

Halafu ukaja mwaka 1946.

Tangu msimu wa 1933 ulipokwisha, ligi kuu ya futiboli ya Marekani haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Timu ya Rams ilipohama Cleveland kwenda Los Angeles ilitaka kuutumia uwanja wa Coliseum, ambao ulikuwa mali ya umma, na waandishi wa magazeti ya watu weusi wakauliza swali jepesi: uwanja unaolipiwa na kodi zetu utatumiwaje na timu isiyotutaka? Rams wakamsajili Kenny Washington. Baadaye wakamsajili na Strode, na wengi husimulia kwamba alichukuliwa ili Kenny apate mwenzake wa kulala naye chumba kimoja hotelini.

Kwa hiyo hata alipoingia katika historia, aliingia kama msindikizaji.

Alikuwa na miaka 32. Alicheza msimu mmoja tu. Mwaka uliofuata Robinson akavunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu ya besiboli, na dunia ikamkumbuka yeye. Strode hakuwahi kuusherehekea mwaka ule. Amenukuliwa akisema kwamba kama ni lazima awe mtu mweusi wa kwanza kuingia mbinguni, basi heri asiende. Naielewa kauli hiyo kuliko hotuba nyingi za ushindi nilizowahi kuzisoma. Kuwa wa kwanza kunachosha, na kuwa wa pili nyuma ya wa kwanza kunachosha vilevile bila hata kupata sanamu.

Alikwenda Kanada, akatwaa ubingwa na Calgary mwaka 1948 bila timu yao kufungwa mechi hata moja. Akapigana mieleka ya kulipwa. Filamu zilikuwa vibarua vya katikati.

Mfalme na mbeba machela

Kibarua cha kwanza alikipata mwaka 1941, katika Sundown. Hadithi inatokea Kenya ya wakoloni, wakati wa vita. Kenya yenyewe haimo: mandhari ni ya New Mexico, na Strode ni mmoja wa waliovishwa ili aonekane mtu wa huku kwetu. Nimeitazama sehemu yake mara kadhaa nikitafuta chochote cha kukishika. Nimepata mabega.

Televisheni ilipoanza kushamiri miaka ya 1950, ikamwita kwa mabega hayohayo. Alionekana katika Ramar of the Jungle, ile tamthilia ya daktari mzungu msituni. Mwaka 1954 akawa Lothar, mtumishi wa mwanamazingaombwe Mandrake. Katika sinema ya Androcles and the Lion alivaa ngozi akawa simba. Naam, simba.

Mwaka 1956 ndio unaonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Katika The Ten Commandments ya Cecil B. DeMille, Strode ni mfalme wa Ethiopia anayeletwa mbele ya Farao. Katika filamu hiyohiyo, baadaye, ni mmoja wa wanaobeba machela ya binti Farao. Mfalme na mchukuzi, mtu mmoja, na waliotengeneza filamu hawakuona tatizo.

Orodha inaendelea hivyo. Amekuwa Mkomanche kwa mwongozaji John Ford mwaka 1961, na Mmongolia kwa Ford huyohuyo mwaka 1966. Amekuwa mtawala wa Asia katika filamu ya Tarzan iliyopigwa Thailand. Hollywood ilikuwa na mtu mmoja wa kuwakilisha kila taifa ambalo haikutaka kwenda kulisikiliza.

Hapo ndipo nilipokwama. Makala ya kumwonea huruma ningeweza kuiandika kwa usiku mmoja: ubaguzi ulimnyima maneno, basi. Ni kweli. Ila ukweli huo haukuwa unaeleza kwa nini kijana wa miaka kumi na sita, ambaye hajui lolote kuhusu Coliseum wala DeMille, alimtazama mtu aliyenyamaza chini ya tangi akaamini kwamba filamu ni yake.

Dakika za Draba

Nikarudi Spartacus, ya mwaka 1960.

Strode ni Draba, gladieta Mwafrika katika shule ya mafunzo ya Capua. Spartacus, ambaye ni Kirk Douglas, anamuuliza jina lake. Anamkatalia. Anamwambia kwamba hataki kulijua jina la mwenzake wala yeye hatalitaja lake, kwa sababu magladieta hawafanyi urafiki. Wakipangiwa kupigana itabidi amuue. Maneno yake ya maana katika filamu nzima yanakaribia kuishia hapo.

Baadaye wanapangwa kweli. Wageni wa Kirumi wamekuja kustarehe na wametaka wapiganaji wafe mbele yao. Kabla ya zamu yao, wawili hao wanakaa kwenye kibanda cha mbao wakisubiri, na mlango unaonyesha kwa vipande vipande wenzao wanaouana nje. Strode anatabasamu kidogo. Kila nikiirudia sehemu hiyo siamini kama kuna aliyemwagiza afanye hivyo. Labda aliagizwa, labda hapana, lakini tabasamu lile halina furaha wala uadui. Ni la mtu ambaye ameshafanya hesabu zake na hana haja ya kumwonyesha mtu.

Wanatoka. Draba ana wavu na mkuki wa ncha tatu. Anamshinda Spartacus, anamweka mkuki shingoni, na Warumi wanatoa ishara amalize kazi.

Hamalizi.

Anageuka, anaurusha mkuki kule walikokaa wakubwa, anakimbia, anaukwea ukuta kuwafuata. Mlinzi anamchoma mgongoni, na Crassus, ambaye ni Laurence Olivier, anamkata shingoni kwa kisu kifupi. Maiti yake inaning'inizwa kichwa chini ili wengine wajifunze. Wanajifunza kweli, ila somo jingine: uasi wote wa Spartacus unaanzia kwenye mwili ule.

Filamu ina zaidi ya saa tatu, ina Douglas, Olivier, Charles Laughton na Peter Ustinov, watu wanaosema kwa ufasaha wa kutisha. Ustinov alipata Oscar. Strode aliteuliwa kugombea Golden Globe ya mwigizaji msaidizi. Alikuwa na miaka 45 au inakaribia, umri ambao wanamichezo wengi huwa wameshaanza kusimulia zamani zao.

Hapa nikaanza kushuku kwamba kuna kazi inafanyika pale, kazi ya mwigizaji. Mtu aliyepewa mistari mitano akaitumia nusu yake hawezi kuitwa umbo tu.

Rutledge anapata kiti

Mwaka huohuo wa 1960 John Ford alimpa Strode kile ambacho hakuna aliyewahi kumpa: filamu yenye jina la mhusika wake. Sergeant Rutledge.

Inasimuliwa kwamba studio ilitaka Sidney Poitier au Harry Belafonte, na Ford akakataa. Alimtaka mtu ambaye ukimwona juu ya farasi huhitaji kuambiwa kwamba ni askari wa miaka mingi. Braxton Rutledge ni sajenti wa kikosi cha tisa cha wapanda farasi, wale askari weusi waliotumika mpakani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anashtakiwa kwa kumbaka na kumuua msichana mzungu, na kumuua baba yake ambaye ni ofisa. Tuko mahakama ya kijeshi, mwaka 1881.

Kwenye orodha ya waigizaji jina lake linatanguliwa na la Jeffrey Hunter na la Constance Towers. Sajenti Rutledge mwenyewe anakuja baadaye. Na filamu imejengwa kwa ushahidi: anaitwa shahidi, taa zinafifia, tunarudi nyuma kuona alichokiona. Kwa muda mrefu Rutledge anasimuliwa na watu wengine, wengi wao wazungu, naye amekaa pale ukumbini ameketi wima akiwasikiliza. Hadi hapo ni Strode yuleyule wa siku zote.

Kisha anaitwa kizimbani.

Mwendesha mashtaka anambana na swali moja. Alikuwa ametoroka, alikuwa na nafasi ya kuwa huru, kwa nini alirudi kukiokoa kikosi kilichokuwa kinavamiwa? Rutledge anajibu kwamba kikosi cha tisa ndicho nyumbani kwake, ndicho uhuru wake wa kweli na heshima yake, na kwamba kukitoroka kungemfanya awe kile ambacho wazungu wamezoea kumwita. Sauti inapanda, inakatika, machozi yanakuja, na anamalizia kwa kuliambia baraza zima kwamba yeye ni mwanamume.

Wapo wanaosema Ford alimlewesha siku iliyotangulia ili afike kazini akiwa amevurugika, apate machozi yale. Ford alikuwa na tabia za namna hiyo. Kisa hicho kinanichefua kidogo, maana kinamrudishia mwongozaji kitu ambacho mwigizaji alikitoa mwenyewe. Pombe ya jana haimfundishi mtu mahali pa kukata sauti.

Strode mwenyewe, akizungumza miaka ya baadaye, alipenda kuitaja sehemu nyingine: pale anapouvuka mto Pecos juu ya farasi. Alisema watu hawajawahi kumwona mtu mweusi akishuka mlimani kama John Wayne, kwamba aliufanya mchezo ule mwenyewe bila mbadala, na kwamba alivuka mto ule akiwa amewabeba watu weusi wote. Hakuzitaja sifa za hotuba ya kizimbani. Alitaja farasi.

Hiyo ilinishughulisha. Mtu amenyimwa maneno miaka ishirini, anapewa maneno, halafu anajivunia sehemu isiyo na maneno.

Alichokijua Pompey

Filamu iliyonigeuza ni ile ambayo nilidhani naijua.

The Man Who Shot Liberty Valance, ya 1962, ni ya John Wayne na James Stewart. Hakuna anayeitaja kama filamu ya Strode. Yeye ni Pompey, mfanyakazi wa Tom Doniphon, ambaye ni Wayne. Ana miaka 47 na Doniphon humwita kijana wake.

Kuna darasa. Stewart, wakili mgeni, anafundisha watu wazima na watoto kusoma. Pompey anasimama chini ya picha ya Lincoln kukariri Azimio la Uhuru. Anaanza vizuri, anafika pale penye usawa wa binadamu, anakwama. Mwalimu anamalizia yeye. Pompey anasema alikuwa anaijua, ameisahau tu, na mwalimu anamjibu kwamba watu wengi huisahau sehemu hiyo. Mara Doniphon anaingia na kumfukuza arudi kazini.

Sehemu hiyo imeandikwa sana na sitaongeza. Mimi nilinaswa na nyingine.

Filamu nzima ni juu ya siri: nani alimpiga risasi Liberty Valance? Mji mzima unaamini ni wakili, na kwa imani hiyo anakuwa gavana, anakuwa seneta. Aliyempiga kwa kweli ni Doniphon, akiwa gizani upande wa pili wa barabara. Bunduki aliyotumia alirushiwa na nani?

Na Pompey.

Alikuwepo. Aliona kila kitu. Miaka inapita, Doniphon anakufa maskini, seneta anarudi kwa treni kuja kumzika, na nani amekaa kando ya jeneza? Pompey, mzee, mgongo umepinda. Waandishi wa gazeti wanajazana chumbani wakidai haki yao ya kupata habari. Seneta anawasimulia kila kitu. Mhariri anazichana karatasi. Mjadala mzima wa nini kichapwe na nini kisichapwe unafanyika, na shahidi pekee aliyebaki hai ambaye hakunufaika na uongo ule amekaa kwenye benchi, hatua chache kutoka kwao.

Hakuna anayemuuliza.

Sijui kama Ford aliliona hilo. Kwa uigizaji wa Strode naamini yeye aliliona. Mtazame alivyokaa pale: hajakaa kama mtu aliyesahauliwa, amekaa kama mwenye nyumba anayewaacha wageni wapige kelele mpaka wachoke. Ukishajua kwamba anajua, filamu inakuwa ya mtu mwingine kabisa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama watu wake wote kwa jicho hilo. Draba anajua atakachofanya kabla ya mlango wa kibanda kufunguliwa. Jake Sharp wa The Professionals, 1966, yule mpiga mishale anayefunga baruti kwenye mshale, anasema machache kuliko Burt Lancaster na Lee Marvin, na ndiye asiyekosea njia. Mtu wa tangi la maji anasikia treni. Hizo si kazi za kujaza nafasi. Alijifunza namna ya kuwafanya watazamaji wahisi kuna kitu amekificha, na alifanya hivyo kwa waongozaji ambao mara nyingi hawakuwa wamemwandikia kitu chochote cha kuficha.

Kwa pembeni: yule mwanasesere kauboi wa Toy Story, asiyenyamaza hata dakika moja, jina lake Woody limetoka kwa Strode. Mpwa wangu alikataa kuamini.

Lumumba wa Roma

Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimeridhika. Kilichonivuruga ni rafiki yangu wa Lubumbashi.

Nilimwandikia nikimsifia Strode, nikamtajia kwamba mwaka 1968, mwaka uleule Leone alipomuua stesheni, Mwitaliano mwingine, Valerio Zurlini, alimpa nafasi ya kwanza kabisa katika filamu ya Seduto alla sua destra. Strode ni Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, anapelekwa kwa kanali wa mamluki, anateswa ili aukane msimamo wake, na anauawa. Nani asiyemjua mtu huyo? Hata hilo jina la Maurice linamkumbusha mtu Maurice Mpolo, aliyeuawa pamoja na Patrice Lumumba na Joseph Okito huko Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961.

Nilitegemea afurahi. Akajibu: "Ndugu, yule si Lumumba. Lumumba alikuwa msemaji."

Nikaitazama upya, na lazima niseme ana hoja. Zurlini alianza na wazo la kipande kifupi katika filamu ya hadithi zilizotokana na Injili, kisha kikakua. Ndiyo maana Lalubi ana mwizi pembeni yake seli, ana mateso yaliyopangwa kama Njia ya Msalaba, na huko Marekani filamu iliuzwa kwa jina la Black Jesus. Lalubi anahubiri kutotumia nguvu. Ana upole wa mtu aliyeshawasamehe wote. Strode anaubeba upole huo vizuri mno, uso wake unajaza kioo kwa utulivu unaoumiza, lakini ni Yesu wa Roma aliyevishwa habari za Kongo.

Na katika toleo la Kiitaliano sauti hata si yake. Kwa desturi ya sinema ya kule wakati ule sauti ziliwekwa studio baadaye, na mgeni alisemewa na Mwitaliano. Mtu aliyesubiri tangu 1941 apewe nafasi ya kwanza, alipoipata akapewa na koo la mtu mwingine.

Rafiki yangu hakuishia hapo. Akanikumbusha tarehe 30 Juni 1960, Léopoldville, mfalme Baudouin ameketi pale akiwa ametoka kuwasifia wakoloni waliomtangulia, na Lumumba anasimama nje ya ratiba kutaja matusi, vipigo na kazi za kulazimishwa. "Nionyeshe filamu moja," akaandika, "moja tu, ambamo Strode wako anasimama mbele ya wazungu akawaambia kitu ambacho hawakukitarajia. Kukaa kimya kwa heshima hata babu yangu aliweza."

Maneno makali. Ila sikuweza kuyapuuza, kwa sababu yanagonga palepale nilipokuwa nimejenga. Kama nasifia kunyamaza kwake kuwa ni ufundi, je, siwasafishi waliomnyamazisha? Ufundi wa kufanya mengi kwa kichache huwa mzuri kuutazama ukiwa umekaa mbali na hicho kichache. Strode alikuwa na mengine ya kusema. Mwaka 1990 alitoa kitabu cha maisha yake, Goal Dust, alichoandika na Sam Young, na humo anazungumza juu ya Kenny, juu ya mkewe Luana wa Hawaii, ambaye ndoa yao ya rangi mbili aliamini ilichangia kumtoa Rams, na juu ya Ford, ambaye Strode alimuuguza katika uzee wake, akilala sakafuni nyumbani kwake kwa miezi, na alikuwepo alipokufa mwaka 1973. Mwenyewe alifariki Glendora, California, tarehe 31 Desemba 1994. Filamu yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka mwaka uliofuata. Ni ya kauboi, na nafasi yake ni ndogo.

Nilikaa na ujumbe ule siku kadhaa bila kujibu. Kisha nikaona tarehe.

Rutledge alipanda kizimbani mwaka uleule wa 1960. Wakati Lumumba, mtu wa posta wa zamani wa Stanleyville, anasimama Léopoldville mbele ya mfalme, kwenye majumba ya sinema ya Marekani mchezaji wa zamani wa futiboli alikuwa anawaambia maofisa wa kizungu kwamba yeye ni mwanamume, na sauti ilikuwa yake. Hawakujuana. Filamu ile ya Ford ina kasoro zake, na mwisho wake unamwachia mzungu kazi ya kumfichua mhalifu. Lakini dakika ile ipo, na inajibu sharti la rafiki yangu neno kwa neno.

Nimemwandikia hivyo na kumtumia sehemu ya kizimbani. Ameitazama. Anasema ni kweli Strode anatisha pale, ila Rutledge alikuwa anaomba asinyongwe, na Lumumba siku ile hakuwa anaomba kitu.

Nimemjibu aitazame tena, asikilize kama kuna mahali pale Rutledge anaomba. Bado tunabishana.